Gari inalia "ka-ka-ka" ukikata kona? Badili draivu shafti za mbele ukiwa nyumbani

Libeneke linaendelea, na leo tunaingia gereji.

Vijana wa Nachingwea na Ruangwa wanaoendesha michomoko, na wale wenye IST na Vitz za kutembelea, wananiuliza sana swali moja: gari ikianza kulia "ka-ka-ka" mbele ukikata kona, ni lazima uipeleke Masasi au Lindi, au unaweza kumaliza mwenyewe pale nyumbani?

Jibu: unaweza. Ni kazi ya nusu siku kwa anayefanya mara ya kwanza, na vifaa vingi unaweza kuazima kwa jirani. Lakini kuna mambo mawili ukiyachukulia poa yanaua mtu. La kwanza ni kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake. La pili ni nati kubwa ya habu ambayo haikukazwa inavyotakiwa. Hayo mawili nitayakalia, mengine nitapita haraka.

KITU CHENYEWE NI NINI

Draivu shafti ni vyuma viwili vinavyotoka kwenye giaboksi, kimoja kwenda tairi la mbele kulia, kingine kushoto. Ndivyo vinavyozungusha matairi. Mtaani watu wengi wanaita kitu chote "sivi jointi", ila sivi jointi ni kiungo kilicho kwenye ncha ya shafti.

Kila shafti ina viungo viwili. Cha nje, upande wa tairi, kina gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, ndiyo maana tairi linaweza kukata kona huku bado linazungushwa. Aina hii ya kiungo iliundwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920. Cha ndani, upande wa giaboksi, mara nyingi kina roli tatu na kinaweza kuingia na kutoka kidogo gari inapopanda na kushuka kwenye mashimo. Kila kiungo kimejazwa grisi na kufunikwa na raba yenye mikunjo.

Sio kila gari ina kitu hiki. IST, Vitz, Probox, Succeed, Spacio na Corolla nyingi zinavuta kwa mbele, kwa hiyo zinacho. Noah za kuanzia 2001 nazo zinavuta mbele. Noah za kabla ya hapo, Mark II na Hiace za kawaida zinavuta kwa nyuma, kwa hiyo usihangaike kutafuta.

KWA NINI HUKU KWETU ZINAKUFA HARAKA

Nachingwea ilikuwa na reli. Ilijengwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Jina la kata ya Stesheni ndilo limebaki. Tangu hapo, kila gunia la korosho, ufuta na mbaazi, na kila mgonjwa anayekwenda hospitali, anapita barabarani. Na hata pale lami inapofika mjini, njia za kuingia vijijini kama Narungombe, Mbekenyera au Kilimarondo ni vumbi, mchanga na visiki.

Sasa angalia kinachotokea. Kisiki au jiwe linachana raba. Raba ikichanika, grisi inarushwa nje kila tairi linapozunguka. Vumbi linaingia, linachanganyika na grisi iliyobaki na kuwa kama msasa. Gololi zinaanza kujisaga zenyewe. Kwa gari inayopiga tripu kila siku, safari ya kutoka raba kuchanika hadi kelele za "ka-ka-ka" sio ndefu.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaisemi: spesa. Watu wanapandisha Probox na IST kwa kuweka spesa juu ya shokapu ili zisigonge chini. Gari ikipanda, giaboksi inapanda nayo, matairi yanabaki chini, na shafti inafanya kazi ikiwa imepinda muda wote hata kwenye njia iliyonyooka. Sivi jointi na raba zinachoka mapema. Sisemi usiweke, maana barabara tunazijua. Ila ukiweka, raba zako zikaguliwe mara kwa mara kuliko za gari ya kawaida.

UTAJUAJE KUWA NI YENYEWE

- Kata usukani hadi mwisho, endesha polepole kwenye uwanja ulio wazi. Ikilia "ka-ka-ka" na sauti inaongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni sivi jointi ya nje. Jaribu kulia na kushoto, huku ukiwa na mtu nje anayesikiliza upande upi unalia.
- Gari inatetemeka ukikanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka, ukiachia inatulia: shuku kiungo cha ndani.
- Grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu: raba imechanika. Kama hakuna kelele bado, una bahati, soma mwisho wa makala.
- Mngurumo "vuuu" unaoongezeka na spidi, hata bila kukata kona: hiyo mara nyingi ni beringi ya tairi.
- "Ko-ko" kwenye mashimo tu: angalia kwanza boljointi, bushi na shokapu. Watu wamenunua shafti bure kwa sababu ya bushi.

UNUNUE NINI

Una njia tatu.

1. Sivi jointi ya nje peke yake. Inauzwa na raba, grisi na klipu zake. Inafaa kama chuma na kiungo cha ndani bado ni vizima.
2. Shafti nzima ya mtumba kutoka Japani. Kama haina mchezo na raba ni nzima, mara nyingi inadumu kuliko mpya ya bei chee. Ishike viungo, zungusha kwa mkono. Ikikwama au ikigonga, iache dukani.
3. Shafti nzima mpya. Hapa kuwa makini, maana feki ni nyingi.

Kabla ya kutuma hela Dar, mpe muuza spea namba ya chasisi, na mkubaliane mambo manne: upande, maana kwenye Toyota hizi shafti ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, idadi ya meno kwenye ncha zote mbili, giaboksi ni ya manyo au otomatiki, na kama gari ina ABS, shafti iwe na ile pete yenye meno madogo karibu na sivi jointi. Mwambie akutumie picha ya meno kwenye simu kabla hajapeleka mzigo kwenye basi. Kurudisha mzigo Dar kwa sababu ya meno mawili ni noma.

VIFAA

Jeki imara, stendi mbili, wili spana, boksi ya namba 30 (ndiyo saizi ya nati ya habu ya Toyota ndogo nyingi), mpini mrefu wa boksi, bomba la chuma la zaidi kidogo ya mita 1, boksi na spana za 14, 17 na 19, nyundo, tindo, bisibisi kubwa ya bapa au mtaimbo mfupi, waya, beseni, oili ya giaboksi ya aina sahihi, nati mpya ya habu, matambara, na dumu la lita 20. Ndiyo, dumu la maji. Utaona kazi yake.

USALAMA KWANZA, SIO MAPAMBO

Jeki ni ya kuinulia. Kuibeba gari wakati wewe uko chini yake ni kazi ya stendi.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Udongo wetu mwekundu ukiwa na unyevu unameza jeki taratibu bila wewe kuona, kwa hiyo weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Huna stendi? Panga magogo mafupi ya mbao ngumu, yaliyokatwa bapa, kwa kupishana. Usitumie tofali, iwe la kuchoma au la saruji. Tofali linapasuka ghafla bila kutoa ishara. Halafu lile tairi utakalotoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Mambo yakiharibika, gari inaangukia tairi, haikuangukii wewe.

Jambo lingine ambalo madereva wengi hawalijui: "P" ya otomatiki au gia ya manyo inazuia gari kupitia hizo hizo draivu shafti. Ukiinua tairi moja la mbele, au ukichomoa shafti moja, giaboksi inaweza kuzunguka upande ule na gari ikatembea hata kama iko kwenye "P". Kwa hiyo vuta hendibreki na weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma. Hii ndiyo sababu pia shafti ikikatika mlimani "P" haikuokoi. Abiria washuke, tairi liwekewe jiwe.

Na usifanye peke yako. Awepo mtu mmoja, si wa kusaidia spana tu, bali wa kupiga kelele.

KUFUNGUA

1. Gari ikiwa bado iko chini, toa kifuniko cha katikati ya rimu. Inua kwa tindo ule mdomo wa nati uliokunjwa kwenye mfereji wa shafti. Kwa magari ya zamani kidogo utakuta pini, ichomoe.

2. Mwenzako akanyage breki. Legeza nati ya habu kwa boksi ya 30 na bomba. Legeza tu, usiitoe. Legeza na nati za tairi. Kama rimu yako haipitishi boksi, utafanya hili tairi likiwa limetoka, gari ikiwa kwenye stendi.

3. Inua gari, weka stendi, tikisa kidogo kuhakikisha imekaa. Toa tairi, lilaze chini ya ubavu wa gari.

4. Weka beseni chini ya giaboksi. Mwaga oili kupitia bolti yake ya chini, au ukubali kwamba itamwagika kidogo shafti ikitoka. Vyovyote vile, pima kilichotoka.

5. Sasa chuma kinachobeba habu kinatakiwa kipate nafasi ya kusogea nje. Njia ya kwanza ni kuachanisha boljointi na mkono wa chini. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda kwa kuwa haigusi raba ya boljointi, ni kutoa zile bolti mbili kubwa zinazofunga shokapu. Kabla hujazitoa, chora alama kwa patasi au rangi ili uzirudishe palepale, usije ukala matairi. Toa pia klipu ya mpira wa breki na waya wa ABS kama upo.

6. Rudisha nati ya habu hadi iwe sawa na ncha ya shafti, kisha gonga kwa nyundo juu yake kuna kipande cha mbao. Nati inalinda uzi usivimbe. Shafti ikilegea, toa nati, vuta habu kuelekea nje na uchomoe ncha ya shafti. Usiache breki ining'inie kwa mpira wake, ifunge na waya.

7. Upande wa giaboksi, ingiza mtaimbo kati ya giaboksi na kikombe cha kiungo cha ndani, ukandamize kwa mshtuko mfupi. Itatoka "pu!". KAMWE usivute kwa kushika chuma cha katikati. Utachomoa roli kutoka kwenye kikombe huku kikombe kimebaki kwenye giaboksi, na hapo nusu siku inakuwa siku nzima. Itoe ikiwa imenyooka, usikwaruze sili ya oili.

Kama unabadili zote mbili, maliza upande mmoja kabla ya kuchomoa wa pili. Kwenye baadhi ya giaboksi ukitoa zote kwa pamoja, gia za ndani zinaweza kuhama mahali pake.

KURUDISHA

Laza shafti ya zamani na mpya pamoja. Linganisha urefu, hesabu meno, angalia pete ya ABS. Sio sawa? Simama hapo hapo.

Kagua sili ya giaboksi. Kama ina mpasuko au ilikuwa inavuja, badili sasa hivi, maana baadaye ni kufungua upya. Paka oili kidogo kwenye mdomo wake. Kwenye ncha ya ndani ya shafti kuna kijipete cha waya. Weka kipya, uwazi wake uangalie chini. Ingiza shafti taratibu na usukume kwa nguvu moja hadi usikie "tak". Kisha shika kikombe, sio chuma, uvute kuelekea nje. Ikitoka, haijaingia.

Ncha ya nje ingize kwenye habu, rudisha boljointi au bolti za shokapu kwenye alama zako, rudisha breki na waya. Funga nati mpya ya habu kwa mkono mpaka ikae. Rudisha tairi, toa stendi, teremsha gari.

Usiisukume wala kuiendesha gari bado. Nati ya habu ndiyo inayoibana beringi ya tairi. Uzito wa gari ukizunguka juu ya beringi isiyobanwa, unaiua beringi.

KUKAZA NATI KWA DUMU LA MAJI

Kwa Toyota ndogo nyingi za miaka ya 2000, kama Vitz na Corolla, nati ya habu inakazwa kwa nguvu ya Nyutoni mita 216. Gari yako ikiwa nyingine, tafuta namba yake. Gereji kubwa wana spana ya kupimia. Wewe huna, na "kaza mpaka ilie" sio kipimo. Ikilegea, beringi inakwisha na meno ya shafti yanasagika. Ikizidi sana, uzi unakatika. Vyote viwili vinatokea njiani ukiwa na abiria.

Fizikia ya shule inatosha hapa. Kilo moja ikining'inia ni karibu Nyutoni 9.8. Kilo 22 zikining'inia mita 1 kutoka katikati ya nati zinatoa Nyutoni mita 216. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kama kilo 21, na uzito wa bomba lenyewe unaongezea kidogo. Umefika.

Fanya hivi. Mwenzako akanyage breki. Kaza kwanza kwa mpini mpaka nati igome. Vesha bomba kwenye mpini na uweke alama mita 1 kamili kutoka katikati ya nati. Simama ukitazama tairi, bomba lielekee mkono wako wa kulia, juu kidogo ya usawa. Habu iko chini, kwa hiyo chimba kishimo ili dumu lisiguse ardhi. Ning'iniza dumu kwenye alama, taratibu, bila kurusha. Bomba likishuka chini ya usawa, toa dumu, rudisha boksi juu, ning'iniza tena. Siku bomba linabaki limelala sawasawa na dumu linaning'inia limetulia, nati imefika.

Mwenye mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mazao, anaweza kuvuta bomba nao mpaka usome kilo 22. Ni makadirio, lakini ni bora mara mia kuliko kupanda juu ya spana na kuruka.

Nati za tairi ni Nyutoni mita 103, yaani karibu nusu ya hapo: maji lita 10, mita ileile.

Mwisho kabisa, piga mdomo wa nati kwa tindo butu uingie kwenye mfereji wa shafti, au rudisha pini. Nati isiyofungiwa itajifungua.

UKIMALIZA

Rudisha oili kiasi kilekile, ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kitabu cha gari. Otomatiki haisamehi oili isiyo yake. Endesha polepole, kata kulia na kushoto hadi mwisho, sikiliza. Rudi, angalia chini kama kuna uvujaji, kaza tena nati za tairi. Oili chafu iweke kwenye chupa, usimwage karibu na kisima.

RABA NDIYO HABARI YENYEWE

Wadau, pamoja na maelezo yote haya, shafti nyingi hazikupaswa kufa. Raba ni sehemu ndogo ya bei ya shafti. Ukiikuta imechanika leo na gari haijaanza kulia, badili raba, safisha grisi yote ya zamani kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi nyeusi ya sivi jointi iliyokuja na raba. Usitumie grisi ya kawaida ya beringi. Raba ya kuunganisha kwa gundi bila kufungua shafti haidumu kwenye vumbi letu, na kufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ni kwa ajili ya kufika nyumbani tu.

Kila unapoosha gari, kata usukani hadi mwisho, chungulia nyuma ya tairi la mbele, pitisha kidole kwenye mikunjo ya raba. Kulia, kisha kushoto. Dakika mbili. Fanya hivyo kabla ya msimu wa ufuta na kabla ya msimu wa korosho, kabla Probox haijaanza kubeba magunia na watu pamoja. Mama mjamzito anayetolewa kijijini usiku hatakiwi kusikia "ka-ka-ka" halafu kimya, porini, na mtandao hakuna.

Fundi mwenye njia nzuri zaidi ya kuchomoa upande wa giaboksi, atuwekee hapo chini. Kazi kwenu.